Kununua sarafu na vipande vya dhahabu kwa mara ya kwanza: makosa gani yanakula hela?

Mwekaji_Mpya

Wakuu, habari za muda huu. Nataka kuweka sehemu ya akiba kwenye dhahabu halisi ya kushika mkononi, si hisa wala cheti. Bajeti yangu inatosha kama gramu 60 hivi. Nimesoma matangazo mengi na kila nikisoma nachanganyikiwa zaidi, kwa hiyo naomba wenye ujuzi mnisaidie.

Sarafu au vipande? Vipande vya gramu 1 vinasifiwa sana kuwa ndiyo njia rahisi ya kuanza, ni kweli? Halafu kuna sarafu za karati 22 na nyingine za karati 24. Ile ya 22 si ina dhahabu pungufu?

Na hili ndilo linaloninyima usingizi: mtu asiye na maabara anajuaje kwamba alichopewa ni dhahabu? Kuna muuzaji ananiambia niende na sumaku nijaribu mwenyewe, isiponata basi ni halisi.

Natanguliza shukrani.

---

Gramu_kwa_Gramu

Karibu mkuu. Wenzangu watakuja kwenye habari ya feki, mimi nianze na hesabu, kwa sababu unaweza kununua dhahabu halisi kabisa na bado ukapata hasara siku hiyohiyo.

Bei ya soko la dunia hutajwa kwa aunsi ya troi, ambayo ni gramu 31.1035. Aunsi ya mizani ya jikoni ni gramu 28.35. Hizi ni aunsi mbili tofauti, na anayekupimia "aunsi moja" kwa mizani ya jikoni amekupunja karibu asilimia 9 bila kusema uongo wowote. Chukua bei ya aunsi, gawanya kwa 31.1035, upate bei ya gramu moja ya dhahabu tupu. Hiyo ndiyo namba ya kuingia nayo dukani. Kila unachoonyeshwa, sarafu au kipande, kigeuze kuwa bei ya gramu moja ya dhahabu tupu, kisha ulinganishe.

Tuseme gramu moja sokoni leo ni 100, kwa fedha yoyote ile. Kipande cha gramu 1 unauziwa 118. Kipande cha gramu 50 unauziwa 5,150, yaani 103 kwa gramu. Sarafu ya Krugerrand, ile ya Afrika Kusini, unauziwa 3,235. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanaiweka kwenye mizani, inasoma gramu 33.93, wanagawanya 3,235 kwa 33.93 na kupata 95, kisha wanashangilia kwamba wamepata chini ya bei ya soko. Hawajapata. Krugerrand ni karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ndiyo dhahabu, iliyobaki ni shaba, na dhahabu tupu iliyomo ni gramu 31.10. Gawanya kwa hiyo: 104. Umelipa asilimia 4 juu ya bei ya soko, jambo la kawaida tu.

Hapo swali lako la karati limejijibu. Sarafu ya aunsi moja ya karati 22, kama Krugerrand au American Eagle, inatengenezwa nzito zaidi ili dhahabu tupu ifike aunsi kamili. Maple Leaf ya Kanada ni karati 24, ina usafi wa 999.9 (sehemu kwa elfu) na uzito wake ni gramu 31.10. Dhahabu iliyomo ni ileile. Tofauti ni kwamba ya karati 22 ni ngumu na haikwaruziki ovyo, wakati ya 24 ni laini, hata kuidondosha mezani kunaiachia alama.

Ila usidhani kila sarafu kubwa ni aunsi moja. Panda ya China tangu 2016 ni gramu 30 kamili. Korona 100 ya Austria ina gramu 30.49 za dhahabu tupu. Peso 50 ya Meksiko ina gramu 37.5. Sovereign ya Uingereza ina uzito wa gramu 7.99 na dhahabu tupu gramu 7.32. Ukimlipa mtu bei ya aunsi kwa Panda mpya, umempa gramu nzima na ushee bure.

Sasa nyongeza, yaani kile unacholipa juu ya bei ya soko. Kuchapa kipande, kukiwekea kadi na kukifunga plastiki kunagharimu karibu sawa kiwe cha gramu 1 au 20. Gharama hiyo ikigawanywa kwa gramu moja inauma, ikigawanywa kwa 20 haionekani. Ndiyo maana vipande vidogo vina nyongeza kubwa. Na nyongeza hiyo hairudi yote unapouza. Kwa mfano wetu, kipande cha gramu 1 ulichonunua kwa 118, siku ya kuuza mnunuzi anakupa 95. Bei ya dunia inabidi ipande asilimia 24 ndipo urudishe ulichotoa. Sarafu uliyonunua kwa 104 na kuuza kwa 98 inahitaji kupanda asilimia 6 tu. Mtu mwenye bajeti ya gramu 60 hana sababu ya kununua kipande kimojakimoja cha gramu 1.

Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize muuzaji swali hili: "Nikikuletea hiki leo, unanunua kwa bei gani?" Anayefanya biashara kweli anakutajia namba palepale. Anayezungukazunguka, au anayejibu kwamba dhahabu haishuki kamwe, mshukuru na uende.

---

Binti_Sonara

Nakuunga mkono Gramu. Mimi nizungumzie upimaji.

Ndugu yangu, hiyo sumaku nenda nayo, ila usiipe kazi isiyoiweza. Ikinata, kitu hicho kina chuma au nikeli na mazungumzo yameisha. Isiponata hujajua chochote, kwa sababu shaba, risasi, fedha na tangsteni navyo havinati kwenye sumaku ya kawaida. Muuzaji anayekupa sumaku kama ushahidi wa mwisho, ama hajui biashara yake ama anaijua sana.

Silaha yako ya kweli ni mizani na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene. Dhahabu ni nzito kupita metali karibu zote utakazokutana nazo: sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3. Shaba ni 8.96, fedha 10.5, risasi 11.3. Maana yake mghushi anabanwa pande mbili. Krugerrand ya shaba iliyopakwa dhahabu, ikiwa na upana na unene sahihi, itakuwa na gramu 17 tu badala ya 33.93. Akitumia risasi atafika kama gramu 22. Akitaka uzito utimie inabidi aifanye nene au pana kuliko inavyopaswa, na hapo kalipa inamkamata. Ndiyo maana kupima uzito peke yake, au upana peke yake, hakutoshi. Pima vyote vitatu: uzito, upana, unene.

Vipimo vya kukariri kwa sarafu za aunsi moja: Maple Leaf upana milimita 30, Krugerrand karibu 32.8, American Eagle 32.7, Philharmonic ya Austria 37 ikiwa na unene wa milimita 2. Sovereign ni 22.05. Mizani iwe ya kusoma sehemu ya mia ya gramu (0.01), na uwe na jiwe la kusahihishia, lenye uzito unaojulikana, maana mizani ya bei rahisi hupotoka taratibu bila kukuambia. Iweke mahali tambarare pasipo upepo. Kalipa tumia ya plastiki, ya chuma inakwaruza sarafu ya karati 24. Sarafu mpya haipungui uzito wake rasmi, mara nyingi huzidi kidogo sana. Maple Leaf inayosoma 30.8, irudishe.

Kisha jaribio la maji, ambalo halina gharama na haliumizi sarafu. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, ifanye isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, huku umeshika uzi kwa mkono uliotulia. Namba inayotokea ni ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Maple Leaf inapaswa kuonyesha karibu 1.61, na 31.10 gawanya kwa 1.61 ni 19.3. Krugerrand inaonyesha karibu 1.93, jibu 17.6. Usitegemee 19.3 kwenye karati 22, shaba iliyomo inaishusha.

Makosa ya jaribio hili yana tabia moja nzuri. Kiputo cha hewa kikinata kwenye sarafu, namba inakuwa kubwa na jibu linashuka. Sarafu ikigusa chini, vilevile. Yaani ukikosea, dhahabu halisi itaonekana feki, mara chache kinyume chake. Kwa hiyo ukipata jibu la chini, tikisa sarafu viputo vitoke, rudia mara tatu, ndipo umnyooshee mtu kidole.

Na lina mpaka wake. Kipande cha gramu 1 kinaonyesha 0.05 tu. Mizani ikikosea 0.01, jibu linaruka kati ya 17 na 25, halina maana yoyote. Jaribio hili ni la vitu vya gramu 8 na kuendelea, na kwa Sovereign lifanye kwa uangalifu sana.

Usikubali tindikali wala kusugua kwenye jiwe la sonara kwa sarafu au kipande cha uwekezaji. Hiyo ni njia ya mapambo. Kwanza inapima juu tu, pili inaacha jeraha litakalokupunguzia bei.

---

Kalipa_na_Sumaku

Dada Binti_Sonara kamaliza karibu yote. Naongeza adui mmoja ambaye hakumtaja kwa undani: tangsteni.

Tangsteni ina gramu 19.25 kwa sentimita ya ujazo. Tofauti yake na dhahabu haifiki hata asilimia nusu. Kipande kilichojazwa tangsteni na kufunikwa dhahabu halisi kinapita mizani, kinapita kalipa, kinapita jaribio la maji. Mwaka 2012 jijini New York viligunduliwa vipande vya aunsi 10 vyenye chapa ya kiwanda cha Uswisi, vimetobolewa ndani na kujazwa tangsteni. Nje palikuwa dhahabu safi. Waliokuwa wamenunua walikuwa watu wa biashara hiyohiyo.

Hapa mashine ya eksirei ya dukani, ile inayofanana na bastola, inawadanganya watu wengi. Inasoma kina cha maikromita chache tu kutoka juu. Ganda la dhahabu likiwa nene kuliko hapo, mashine itasoma 999.9 na itakuwa inasema kweli kuhusu ganda. Kwa hiyo karatasi yenye matokeo ya eksirei ni nzuri kwa kujua usafi wa juu, lakini haijathibitisha tumbo la kipande.

Vinavyoona ndani ni viwili. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti: sauti hupita kwenye dhahabu kwa takriban mita 3,240 kwa sekunde na kwenye tangsteni zaidi ya mita 5,000, kwa hiyo mashine ikiambiwa ni dhahabu itatoa unene usiolingana na kalipa. Na kuna kipimo cha upitishaji umeme: dhahabu hupitisha umeme zaidi ya mara mbili ya tangsteni, na baadhi ya mashine hizo husoma hata kupitia plastiki ya kifungashio. Duka linalonunua na kuuza vipande vikubwa linapaswa kuwa na angalau moja. Omba wapime mbele yako. Si ukorofi, ni haki ya mteja.

Kwa bajeti yako hofu hii ipunguze kidogo. Tangsteni ni ngumu na inavunjika kama kigae, inayeyuka kwenye nyuzi 3,422 wakati dhahabu inayeyuka kwenye 1,064. Kuichapa picha nyembamba kama ya sarafu ni kazi ngumu, ilhali kuificha ndani ya kipande kinene ni rahisi. Kadiri kitu kilivyo chembamba na chenye michoro mingi, ndivyo mghushi anavyopata tabu. Mimi kwa sababu hiyo peke yake humshauri mtu wa mara ya kwanza aanze na sarafu zinazojulikana duniani, na vipande vinene avifikie akishapata muuzaji mwenye mashine.

Mlio nao unasaidia. Weka sarafu isiyo kwenye kapsuli (kasha lake la plastiki) juu ya ncha ya kidole, igonge taratibu kwa ncha ya kalamu ya plastiki. Ya dhahabu hulia kwa muda, sauti nyororo inayofifia polepole. Yenye risasi inasema "tap" na kunyamaza. Ukiwa na sarafu moja ya uhakika, gonga zote mbili usikie tofauti. Kwa vipande haifai.

---

Mwekaji_Mpya

Aisee, nashukuru sana wakuu. Yale ya kugawanya kwa dhahabu tupu sikuyajua kabisa.

Maswali matatu yamebaki. Kipande kikiwa kimefungwa kwenye kadi yenye namba ya mfululizo, nikichane ili nipime au nikiache? Pia kuna mtu anauza korona 100 ya mwaka 1915, anasema ni ya kale hivyo bei yake iko juu ya sarafu za kawaida kwa asilimia 40. Na mwingine anauza kwa bei ya chini mno mtandaoni, picha zinaonyesha kipande kimeandikwa aunsi 1 na "100 MILLS .999".

---

Mzee_wa_Kapsuli

Nianze na la mwisho kwa sababu ni fupi. Hicho ni kipande cha shaba. "Mills" ni kipimo cha unene wa rangi ya dhahabu iliyopakwa juu, si uzito wa dhahabu. Jihadhari pia na herufi HGE, GP na GF zilizogongwa pembeni: zote zinasema dhahabu imepakwa au imebandikwa juu ya metali nyingine. Wauzaji hawa mara nyingi hawajaandika popote kwamba ni dhahabu tupu. Wanakuachia ujidanganye mwenyewe kwa kuona "aunsi 1" na ".999" vikiwa karibukaribu.

Korona 100 ya 1915. Kiwanda cha sarafu cha Austria kimeendelea kuchapa sarafu hiyo miaka mingi baadaye kikiacha mwaka uleule 1915. Vivyo hivyo dukati 4 za 1915, na peso 50 za Meksiko zenye mwaka 1947. Ni dhahabu halisi, ni sarafu nzuri, lakini thamani yake ni dhahabu iliyomo tu. Ukiilipia asilimia 40 juu, umelipia ukale ambao haupo. Kwa korona 100 halali, zidisha gramu 30.49 kwa bei ya gramu, ongeza nyongeza ndogo, ishia hapo.

Biashara ya sarafu za kale ni elimu nyingine kabisa. Bei inategemea uchache wake, kiwanda, na hali yake kwa ngazi za 1 mpaka 70, na ngazi moja tu inaweza kubadilisha bei mara mbili. Anayetafuta gramu za akiba hana shughuli huko. Sarafu za kung'aa kama kioo zinazouzwa kwenye sanduku la mbao pamoja na cheti ni mtego wa namna hiyohiyo: siku ya kuuza, sanduku halipimwi kwenye mizani.

Kadi na plastiki. Usichane. Kipande kilichotolewa kwenye kifungashio chake kinaweza kununuliwa kwa bei pungufu kwa sababu mnunuzi analazimika kukipima upya. Lakini pia usiiabudu kadi. Kadi nazo zinaghushiwa, na namba moja ya mfululizo inaweza kunakiliwa kwenye kadi mia. Angalia haya: namba iliyochongwa kwenye kipande ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, mshono wa plastiki uwe umenyooka bila dalili ya gundi wala kufunguliwa kwa joto, maandishi yawe makali, pasiwe na herufi iliyovimba. Ukionyeshwa vipande viwili vyenye namba moja, ondoka. Kama kiwanda kina programu ya simu ya kukagua sura ya kipande, itumie, ila ipakue kutoka kwenye tovuti ya kiwanda, si kwa msimbo uliochapwa kwenye kadi hiyohiyo unayoitilia shaka.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: kuna vipande vyenye dhahabu nzuri kabisa lakini chapa ya kiwanda ni ya kughushi. Mwaka 2019 shirika la habari la Reuters liliripoti vipande vya aina hiyo, vyenye nembo za viwanda vya Uswisi, vikitumika kusafisha dhahabu ya magendo. Mizani haitakuonyesha tatizo lolote. Utalijua siku ya kuuza, kwa mnunuzi makini atakayekikataa. Dawa yake ni chanzo: nunua kwa msambazaji anayetambuliwa na kiwanda husika, na risiti iwe na namba ya mfululizo, uzito na usafi. Risiti iliyoandikwa "dhahabu, kipande kimoja" haina kazi.

Na ukishazipata, usizisafishe. Si dawa ya meno, si ndimu, si kitambaa. Zishike ukingoni. Kapsuli iwe ya kipimo chake, ya milimita 30 kwa Maple Leaf na 37 kwa Philharmonic, maana sarafu ikicheza ndani inajikwaruza yenyewe. Vifuko vya plastiki laini vinavyonuka kama zulia jipya viepuke, vinaacha utando kwenye sarafu zenye shaba. Kidoa chekundu kwenye sarafu ya 999.9 hakipunguzi dhahabu, lakini mnunuzi mwingine atakitumia kukubembelezea bei chini, kwa hiyo kiangalie kabla hujalipa.

---

Gramu_kwa_Gramu

Narudi kidogo kwenye malipo na uhifadhi, maana huko nako kunavuja.

Bei ya dhahabu hutangazwa London mara mbili kwa siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za huko, na sokoni inaendelea kutembea muda wote katikati. Jumamosi na Jumapili soko la dunia limefungwa, na wauzaji wengi hujilinda kwa kupanua pengo kati ya bei yao ya kuuza na ya kununua. Nunua siku ya kazi. Mkikubaliana bei, iandikwe na muda wake, ili kesho usiambiwe "imepanda".

Usitume hela kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa dhahabu ambayo hujaiona. Anayekutafuta yeye mwenyewe akikuuzia kilo za dhahabu ghafi au vumbi kwa punguzo kubwa, halafu anataka kwanza ada ya usafiri, ya ghala au ya kodi, huyo hana dhahabu. Dhahabu inauzika popote pale siku hiyohiyo karibu na bei ya soko. Mwenye nayo hahitaji kumpunguzia mgeni asilimia 20.

Ikiletwa kwa kifurushi, iwe na bima ya thamani kamili na isainiwe na wewe. Pima kifurushi kabla ya kukifungua, kisha kifungue ukirekodi video mfululizo bila kukata, ukionyesha lebo, namba na mizani. Bila hiyo, mzozo wa kifurushi kilichofika pungufu ni neno lako dhidi ya lao.

Kodi ichunguze kabla, kwa sheria ya mahali ulipo. Kwenye Umoja wa Ulaya kwa mfano, dhahabu ya uwekezaji haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, lakini "uwekezaji" una masharti: kipande kiwe na usafi wa 995 au zaidi, sarafu iwe ya baada ya 1800 yenye usafi wa 900 au zaidi, iwe ni au iliwahi kuwa fedha halali kwao, na bei yake ya kawaida isizidi thamani ya dhahabu iliyomo kwa zaidi ya asilimia 80. Mkufu haumo. Kwingine masharti ni mengine, na kodi peke yake inaweza kufuta hesabu zote tulizofanya hapo juu.

Ukiamua kuhifadhi kwa kampuni, soma mkataba neno kwa neno. Kuna dhahabu iliyotengwa kwa jina lako, yenye namba za vipande ambavyo ni mali yako, na kuna "salio la dhahabu" ambalo ni deni tu unaloidai kampuni. Kampuni ikifilisika, mwenye vipande vyake anachukua vipande vyake. Mwenye salio anapanga foleni na wadai wengine. Ukihifadhi nyumbani, uliza bima ya nyumba ina kikomo gani kwa vitu vya thamani. Weka picha na risiti mahali tofauti na dhahabu, na mtu mmoja unayemwamini ajue ipo wapi. Akiba isiyojulikana na yeyote inaweza kubaki ukutani mwenyewe akishaondoka.

---

Mwekaji_Mpya

Basi nimepanga hivi, nisahihisheni: kipande kimoja cha gramu 50 na kimoja cha gramu 10. Nyongeza inakuwa ndogo.

---

Kalipa_na_Sumaku

Kwa nyongeza uko sahihi, mkuu. Tatizo litakuja siku ukihitaji hela ya gramu 15 tu. Cha 10 hakitoshi, na cha 50 hakikatwi: ukikikata kinakuwa dhahabu chakavu ya kuyeyushwa na kununuliwa kwa bei ya chakavu. Pia cha 50 ndicho kinene kuliko vyote unavyofikiria kununua, na bado hujapata muuzaji mwenye mashine ya kuona ndani.

Linganisha na Krugerrand au Maple Leaf moja pamoja na Sovereign nne: 31.10 jumlisha mara nne ya 7.32, unapata gramu 60.4 za dhahabu tupu. Ukihitaji gramu 15 unauza Sovereign mbili na vingine vinabaki. Utalipa nyongeza kubwa kiasi kwenye zile ndogo, lakini si kama ya vipande vya gramu 1, na zote unaweza kuzipima mwenyewe mezani kwa njia aliyoeleza dada.

---

Binti_Sonara

Mpango huo naupenda. Ila usinunue zote tano siku moja. Anza na Sovereign moja, ipime kwa mizani na kalipa. Kisha rudi kwa muuzaji yuleyule siku nyingine, sema unataka kuiuza, usikie anakupa bei gani na anaikagua vipi. Kama alivyoahidi ndivyo alivyofanya, nunua zilizobaki kwake. Na kwa kusahihisha mizani yako, jiwe liwe la gramu 20 au 50, lisiwe la 500, kwa sababu kosa dogo la huku chini ndilo unalolitafuta.